Rada ya maili 36 ya nini hapa Mtwapa?

Najua nimepotea wiki kadhaa, kazi zimenibana kweli kweli, na kuna mmoja aliyeniandikia kuuliza kama nimehamia Ulaya. Bado nipo. Leo sizungumzii hifadhidata wala lugha za programu. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu rada. Ndiyo, rada, kile kidude kinachozunguka juu ya meli.

Wacha nianze na kisa ili mjue hasira imetoka wapi.

Mjomba wangu ana boti ya faiba ya futi 26 pale Mtwapa. Si ya biashara. Ni ya wikendi, ya kwenda kuvua na marafiki na kurudi na picha nyingi kuliko samaki. Mwanzoni mwa msimu wa kaskazi tulitoka saa kumi alfajiri kuelekea Kilifi, kiza totoro, bahari shwari, mwendo wa maili 18 za bahari kwa saa. Mimi nilikuwa nimeshika simu yenye ile programu ya kuonyesha meli kwenye ramani. Ramani ilikuwa tupu. Nikamwambia mjomba, "Hakuna kitu mbele, ongeza tu."

Tulipokaribia Takaungu nikaona mwanga mdogo sana, kama wa kiberiti, mbele yetu kabisa. Mjomba alikata usukani hadi nikaangukia sanduku la barafu. Tuliupita mtumbwi kwa mita chache. Wimbi letu likauingia na kuujaza maji nusu.

Tulirudi. Walikuwa wawili, mzee na kijana, wanavua kwa mshipi. Tukawasaidia kukumba maji. Mzee hakutukana, na ingekuwa nafuu kama angetukana. Alinitazama mimi mwenye simu inayowaka usoni, akauliza, "Mwanangu, hiyo simu yako inatuona sisi?"

Nikasema, "Hapana mzee, inaona meli."

"Kwani sisi ni samaki?"

Basi. Tangu siku hiyo nimesoma kuhusu rada kuliko nilivyosoma nikiwa chuo, nimebishana na wauzaji na wenye boti wenzake mjomba, na nimegundua kuwa kuna makundi mawili ya watu wanaopotoshana. Leo nawajibu wote wawili.

Kundi la kwanza ni wale wanaosema rada ya nini, simu inatosha. Hawa nawaelewa, maana nilikuwa mmoja wao. Lakini hebu tuelezane hiyo programu inafanya kazi vipi. Meli kubwa zina kifaa kinachoitwa AIS, ambacho hutangaza kwa redio ya VHF jina la chombo, mahali kilipo na mwendo wake. Sheria za kimataifa zinazilazimisha meli za safari za kimataifa kuanzia tani 300 ziwe nacho. Programu ya simu haisikii matangazo hayo yenyewe, kwa sababu simu yako haina redio ya VHF! Kuna mtu nchi kavu mwenye antena anayeyapokea, anayatuma kwenye seva kwa intaneti, seva inakutumia wewe kwa mtandao wa simu. Pale njiani data inachelewa, wakati mwingine dakika kadhaa, na ukitoka nje ya mtandao unatazama picha ya zamani bila kujua. Hata ukinunua kipokezi halisi cha AIS ukifunge botini, bado unasikia wale tu wanaotangaza. Mtumbwi hautangazi. Ngalawa haitangazi. Jahazi la Lamu lililobeba boriti aghalabu halitangazi. Kwa mwandishi wa programu hili ni kosa la kawaida kabisa: umechukulia kuwa kisichokuwemo kwenye jedwali hakipo duniani.

Rada haingoji mtu ajitangaze. Inapiga wimbi, inasikiliza mwangwi.

Kundi la pili ni wauzaji, na hawa ndio walionipandisha presha zaidi. Tulipokwenda dukani kuulizia, jamaa akatutolea orodha: kuba la maili 36, lenye Doppler, pamoja na skrini ya inchi 12 ya kampuni ile ile, "maana haliwezi kufanya kazi na nyingine, boss." Nilipoona jumla nikamwambia mjomba hii ni bei ya boti ya pili.

Haya, tuchukue kikokotoo.

Mawimbi ya rada husafiri karibu kama mwanga, kwa hiyo mviringo wa dunia huyazuia. Upeo wa rada kwa maili za bahari ni takriban 2.2 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, ukijumlisha na 2.2 mara kipeuo cha pili cha urefu wa kitu unachokitafuta. Antena ya boti kama ya mjomba iko mita 3 juu ya maji. Hiyo ni maili 3.8. Mtu aliyeketi ndani ya mtumbwi, tuseme mita 1 juu ya maji, ni maili 2.2 nyingine. Jumla 6. Meli ya mizigo yenye mita 25 juu ya maji utaipata karibu maili 15. Sasa ili uone kitu kilichoko maili 36 ukiwa na antena hiyo, kitu chenyewe lazima kiwe na urefu wa zaidi ya mita 210. Jumba la Britam kule Nairobi lina mita 200. Ungelipanda katikati ya bahari, bado lisingefika kwenye skrini yako! Mawingu mazito ya mvua yanaweza kuonekana mbali hivyo, hilo nakubali, lakini kwa wingu macho yangu yananitosha.

Kwa hiyo zile maili 36 umezilipia na huzitumii. Sisi tunatumia duara la maili 1.5, tukizidisha sana ni 3.

Kilowati nazo ni hadithi ile ile. Ukiongeza nguvu ya rada mara mbili, umbali wa kuona kitu kile kile hauongezeki mara mbili. Unaongezeka kwa kipeuo cha nne, yaani asilimia 19 hivi. Anayekuuzia kilowati anategemea hujui hilo.

Kinachofaa kuulizwa, na ambacho muuzaji wetu hakukitaja hata mara moja, ni upana wa mwali. Rada ndogo haitoi mwali mwembamba kama tochi ya sinema, inatoa kama shabiki. Kanuni ya haraka: nyuzi 70 mara urefu wa wimbi, gawanya kwa upana wa antena. Rada hizi ndogo hutumia gigahezi 9.4, wimbi la sentimita 3.2. Kuba la inchi 18 lina antena ya sentimita 45 hivi, unapata nyuzi 5. Kwa umbali wa maili moja ya bahari, ambayo ni mita 1,852, mwali huo una upana wa mita 160. Maana yake mitumbwi miwili iliyoachana mita 100 itaonekana kama doa moja nene. Kuba la inchi 24 linashuka hadi nyuzi 3.7, mita 120. Hapo ndipo pa kuweka pesa zako kama unazo na kama boti yako inaweza kubeba kuba hilo. Si kwenye maili.

Na Doppler? Hii inauma zaidi kwa sababu ni teknolojia nzuri kweli. Rada inapima jinsi mwangwi ulivyobadilika, kisha vitu vinavyokujia inavipaka rangi tofauti na vinavyokukimbia. Lakini kabla ya kupaka rangi, inaondoa mwendo wa boti yako mwenyewe, la sivyo kila jiwe na kila ufuo ungeonekana unakujia. Sasa fikiri. Mtumbwi wa mzee wa Takaungu ulikuwa umetulia, unaelea tu. Kwa Doppler yeye ni jiwe. Hapakwi rangi. Ile rangi itakuonyesha vizuri boti nyingine ya kitajiri inayokuja kwa kasi, ambayo ina taa, ina AIS na ina honi. Yule usiyemwona ndiye anayeachwa bila rangi, na wewe umeshazoea kutazama rangi tu.

Sisemi Doppler ni mbaya. Nasema usinyimwe usingizi kwa kuikosa.

Sasa tuje kwenye fani yangu, maana hapa ndipo nilipotaka kupasua meza. Kwa nini skrini lazima iwe ya kampuni ile ile?

Sababu ya kiufundi haipo. Kuba la kisasa ni kompyuta yenye kebo ya mtandao, au yenye Wi-Fi. Linatuma pakiti. Kila pakiti ina mstari mmoja wa mwangwi kuelekea upande fulani. Chukua ile BR24 ya Navico iliyotoka mwaka 2009: mistari 2,048 kwa mzunguko, kila mstari baiti 512, mizunguko 24 kwa dakika. Piga hesabu, ni kama megabiti 3.4 kwa sekunde. Ule mtandao wa vyombo vya baharini unaoelewana kati ya kampuni zote, NMEA 2000, hubeba kilobiti 250 tu kwa sekunde, kwa hiyo picha ya rada haiwezi kupita humo. Ikabidi wahamie Ethernet, na hapo kila kampuni ikachukua nafasi ya kutunga itifaki yake ya siri. Navico yake, Garmin yake, Raymarine yake, Furuno yake. Na usiniambie kwamba viwango vya wazi haviwezekani. Eurocontrol wana kiwango cha ASTERIX, na kategoria yake ya 240 ni ya kubeba picha ya rada hasa, na waraka wake uko wazi kwa mtu yeyote kuusoma. Wamechagua kufunga.

Matokeo yake? Kuba lina miaka kumi ya uhai mbele yake, skrini inakufa kwa chumvi baada ya miaka minne, kampuni imeacha kutengeneza aina hiyo ya skrini, na kuba zima linakuwa taka. Furuno walipotoa rada isiyo na waya, DRS4W, nilidhani mambo yamenyooka: hakuna skrini ya kununua, unatumia kifaa chako mwenyewe. Nikasoma zaidi. Kifaa chenyewe lazima kiwe iPhone au iPad. Sasa hebu hesabu watu wanaotumia Android kwenye matatu yoyote ya Mtwapa, halafu uniambie rada hiyo ilimfikiria nani.

Wanaostahili pongezi ni watu wa programu huria. Kuna programu ya ramani za bahari iitwayo OpenCPN, ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Wajitoleaji wakakaa na kusikiliza pakiti za makuba haya moja baada ya nyingine, wakafumbua itifaki, wakaandika kiongezi kiitwacho radar_pi. Kinaongea na BR24, 3G, 4G na Halo za Navico, na HD na xHD za Garmin. Hakuna aliyewafungulia mlango. Walichungulia kwenye tundu la ufunguo hadi wakaielewa nyumba nzima. Kwa hiyo kabla hujanunua kuba lolote, jipya au la mtumba, angalia kwanza kama liko kwenye orodha yao. Hata kama utatumia skrini ya kampuni. Siku skrini ikifa utanishukuru.

Tulichonunua sisi ni mtumba. Kuba la inchi 18, kilowati 4, la kizazi kinachojulikana na programu huria, kutoka kwa mtu aliyekuwa anabadilisha vifaa vyake. Kuba jipya la ukubwa huo huko nje mara nyingi ni kati ya dola 1,500 na 2,500. Kwa dola moja kwa shilingi 129 hivi, unazungumzia takriban 195,000 hadi 320,000 kabla ya usafiri na VAT ya asilimia 16, na kabla ya skrini. Mtumba ulitugharimu sehemu ndogo ya hizo. Lakini mtumba una masharti. Rada za zamani zina magnetroni, ambayo huchakaa kadiri inavyotuma, kwa hiyo fungua menyu uangalie saa ilizotuma, usikubali kuambiwa tu kwamba "haikutumika sana". Iwashe mbele yako. Magnetroni inahitaji dakika moja na nusu hivi ipate moto, usidhani imekufa. Na ukumbuke kuwa hiki ni chombo cha kutuma mawimbi ya redio, kwa hiyo ulizia habari ya kibali kwa Mamlaka ya Mawasiliano kabla hujaleta kitu kutoka nje, kuliko kuulizwa wewe baadaye.

Ukiwa na pesa za kununua jipya, chukua zile zisizo na magnetroni. Zinawaka mara moja, zinakula umeme kidogo, zinaona vizuri vitu vya karibu. Sina ugomvi nazo.

Sasa ufungaji. Hapa niliaibika, na nitasema.

Nilijiamini. Mimi ni mtu wa kompyuta, waya mbili za umeme zitanishinda? Nikachukua nyaya nilizokuwa nazo nyumbani, zile nyembamba za spika, nikazipitisha mita 12 kutoka kwenye betri hadi juu ya paa. Nikaunganisha Raspberry Pi, OpenCPN, kiongezi, kila kitu. Kuba likaonekana kwenye mtandao, nikapiga kelele za furaha. Nikabonyeza kitufe cha kutuma. Picha ikaja mzunguko mmoja na nusu, ikapotea. Kuba likajiwasha upya. Nikabonyeza tena, ikawa vile vile.

Nilipoteza wikendi mbili kwenye programu. Nilisoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari, nikabadilisha swichi ya mtandao, nikarudisha toleo la zamani la kiongezi, nikaanza kuandika ripoti ya hitilafu ya kuwapelekea wale wajitoleaji masikini. Mjomba akanitazama, akaenda kumwita fundi wa umeme wa magari aliyeko jirani. Fundi akaja na mita yake ya shilingi mia tano, akaweka ncha mbili kwenye plagi ya kuba, akasema, "Washa." Nikawasha. "Volti tisa na nusu," akasema, akaondoka kwenda kunywa chai.

Hesabu ni ya darasa la fizikia la sekondari. Waya wa milimita za mraba 0.5, mita 12 kwenda na 12 kurudi, una ukinzani wa ohmu 0.84 hivi. Kuba likituma linavuta ampia karibu 3. Zidisha: volti 2.5 zimepotea njiani. Betri ikiwa na 12.2 na injini imezimwa, juu panafika 9.7, na kuba letu linataka 10 angalau. Likiwa linasubiri tu linavuta kidogo, kwa hiyo kila kitu kinaonekana sawa hadi ulipe kazi. Tulibadilisha nyaya, tukaweka za milimita 4, shaba iliyopakwa bati kwa sababu ya chumvi, na fyuzi karibu na betri. Tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Ile ripoti ya hitilafu niliifuta kabla mtu hajaiona.

Mengine ya ufungaji nitayasema haraka. Weka kuba juu ya vichwa vya watu. Wastani wa nguvu ya rada hizi ni wati chache tu, hata zikiitwa kilowati 4, kwa kuwa zinapiga mipigo mifupi sana, lakini hakuna sababu ya kumketisha mtoto mbele yake. Liweke mbali na dira. Antena ya GPS na ya VHF zisikae usawa wa mwali. Kama boti yako hunyanyua omo ikikimbia, weka kabari chini ya kuba ili lilale kidogo kwa mbele. Mwali una nyuzi 25 hivi kwenda juu na chini, lakini hizo zinaisha upesi boti ikiinuka. Kisha elekeza omo kwenye kitu unachokiona kwa macho na kwenye skrini, boya au nguzo, urekebishe hadi vilingane. Sisi tulikuwa tumekosea nyuzi 7. Kwa maili moja hiyo ni zaidi ya mita 220 za uongo.

Palipo na kazi kubwa ni kujifunza kuitazama. Vitabu vingi vya rada vimeandikwa na watu wa ukungu, Waingereza na Wamarekani wa kaskazini. Sisi ukungu si shida yetu. Shida yetu ni usiku, mvua za masika, na kusi inapovuma bahari ikajaa mawimbi mafupi yanayorudisha mwangwi. Sentimita 3 ni wimbi linalochafuliwa na mvua. Rada ina vidhibiti vya kufuta uchafu huo, na ina kitufe cha "otomatiki" ambacho kila mtu hukiacha kilivyo. Tulifanya jaribio mchana: tukamwomba jirani mwenye mtumbwi akae nusu maili kutoka kwetu, bahari ya kusi. Kwenye otomatiki skrini ilikuwa safi, ya kupendeza, na mtumbwi haukuwepo. Ulikuwa umefutwa pamoja na mawimbi. Tulipopunguza kichujio cha mawimbi kwa mkono, skrini ikachafuka, na ndani ya uchafu ule kukawa na doa moja lililorudi kila mzunguko mahali pale pale. Mawimbi huja na kutoweka, mtumbwi hubaki. Jicho la mtu linaijua tofauti hiyo likizoeshwa. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972, kanuni ya 7, zimekataza kabisa kuamua mambo kwa habari haba, na zikataja rada kwa jina. Kanuni ya 5 inataka macho na masikio wakati wote. Skrini safi ni habari haba.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshalisikia pale gatini: "Hao wavuvi si waweke taa! Kosa ni lao." Sawa, tufungue kanuni zile zile. Kanuni ya 25 inasema chombo cha makasia, kama hakikuweka taa za kawaida, kiwe na tochi au taa tayari, ionyeshwe mapema ya kutosha kuzuia ajali. Mzee alikuwa na tochi. Aliiwasha aliposikia injini. Betri yake ilikuwa inakufa, ndiyo ule mwanga wa kiberiti nilioona. Sisi tulikuwa tunakimbia maili 18 kwa saa gizani tukitazama simu, na kanuni ya 6 inahusu mwendo wa salama. Nani hapo mwenye kosa? Yeye alikuwa kazini, sisi tulikuwa tunajiburudisha.

Ndiyo maana fedha tulizookoa kwa kutonunua skrini tumezipeleka kwingine. Mbao hurudisha mwangwi kidogo sana. Bati lililokunjwa kwa pembe mraba hurudisha mwingi mno. Ukichukua mabati matatu yanayokutana kwa nyuzi 90 kamili, kila ukingo sentimita 20, mwangwi wake kwa gigahezi 9.4 upande wake bora ni sawa na kitu cha mita za mraba 6.5. Ongeza ukingo hadi sentimita 30, inakuwa mita za mraba 33! Inakua kwa kipeo cha nne, hesabu ile ile ya kilowati lakini safari hii inatufanyia kazi sisi. Fundi wa jua kali wa Mtwapa ametutengenezea sita kwa bati la alumini na ribiti. Viwili vya kwanza pembe zilikuwa nyuzi 85 kwa kukadiria, vikawa havifai, tukamletea pembemraba ya seremala.

Tumevipeleka vitatu Takaungu, na tochi za sola. Mzee alikigeuza-geuza kile kidude, akauliza kama kitamfukuzia samaki. Nikamwambia kitakaa juu ya mti, si majini. Akakubali kukifunga kwa sharti kwamba tupite usiku tumthibitishie kuwa anaonekana. Tulipita. Kwa umbali wa maili moja alikuwa doa, jembamba lakini la uhakika, kila mzunguko. Mjomba akapunguza mwendo, akapita mbali upande wa bahari kuu, na kijana wa mzee akawasha tochi mara mbili kutusalimu.

Vimebaki vitatu. Jumamosi tunarudi, mzee amesema kuna mitumbwi mingine minne, kwa hiyo fundi anadaiwa kimoja.